Almasi ya Waridi Ambayo Baba Hakuiona

Niliingia Toronto na sanduku moja, nikarudi na diploma ya ukataji wa vito niliyoilipia mwenyewe kwa jasho la kiwanda cha maboksi. Nasema hivyo bila aibu. Wengi wa rika langu walirudi na makoti tu.

Kilichonipeleka darasani ni kaseti. Miaka ile ya tisini simu ilikuwa ghali, hivyo baba alijirekodi, akampa msafiri aniletee. Niliisikiliza peke yangu katika mtaa wa Thorncliffe Park, ghorofa ya kumi na nne, theluji ikifunika magari kule chini.

"Mwanangu, macho yanakwisha. Wazee wenzangu wote wanadai waliishika ile almasi ya waridi. Waongo wakubwa! Mimi nilikuwa palepale mgodini Mwadui na sikuiona. Wewe uko huko kwa wazungu. Niletee hata picha, kabla hayajafunga kabisa."

Almasi hiyo ilitoka mgodini kwetu baba akiwa kijana wa koleo. Mwenye mgodi, naye mtu wa Kanada, alimzawadia binti wa mfalme wa Uingereza alipoolewa. Ikakatwa duara, ikawekwa katikati ya ua la almasi nyeupe, na yule binti akaja kuwa malkia, akalivaa kifuani.

Picha niliipata katika kitabu cha chuo cha vito, nilikojiandikisha kwa ajili yake. Lakini picha ingemfaa nini mtu anayepoteza macho? Nikaamua kukata mwenyewe mfano wa almasi ile kutoka kioo cha rangi ya waridi, kwa ukubwa uleule, kama kifungo cha koti. Darasani hakuna mwingine aliyethubutu.

Siku nilipomaliza kuking'arisha, kiliniponyoka kikaanguka sakafuni. Nikasimama wima. "Jiwe limeanguka!" nikapaza sauti.

Mama mmoja wa Bujumbura, jirani yangu wa meza, akanishangaa. "Si uokote, kaka? Au mgongo uliuacha kwenu?"

Aliuliza kwa Kiswahili, ila cheko lake lilieleweka na darasa zima. Hawakujua kwamba ndani ya uzio wa Mwadui mtu haokoti kitu. Kikidondoka, hata kiwe kalamu yako, unasimama na kumwita askari. Baba aliileta sheria hiyo mpaka nyumbani. Kijiko kikianguka, tulikaa tukimtazama mpaka aseme, "Okota."

Niliinama. Sijawahi kuitamani sauti ya mtu kama siku ile.

Nilipofika nyumbani Shinyanga, macho ya baba yalikuwa yamekwishazima. Nikamwekea kioo kiganjani, nikamweleza wazi kwamba ni kioo, na kwamba aliyekikata ni mimi, wa kwanza katika ukoo kuwa na cheti cha kazi hiyo. Akakigeuza, akapitisha ukucha kwenye kila pembe.

"Kumbe kadogo hivi! Na wale waongo waliniambia ni kama yai la kuku."

Kisha kikamponyoka. Mikono yetu wote wawili ikatulia, kioo kikiwa karibu na mguu wangu.

"Okota," akasema baba.

Sikuinama upesi. Nilitaka aseme tena.