Maua ya Mama Marta Yalivyotutoa Nje kwenye Theluji

Mkisikia kule Richfield kuna mama aliyewatoa watu nje kwenye theluji na sahani zao za pilau mkononi, msisumbuke kuuliza ni nani, ni mimi. Nilitaka kunyamaza hadi wasahau, lakini watu wetu wa huku ughaibuni mnawajua, juzi hata dukani mama nisiyemjua kabisa amenisimamisha kwenye viazi na kuniuliza, "Wewe si ndiye wa maua?" Basi afadhali niwaambie mwenyewe, kwa sababu hadithi inayozunguka sasa hivi ina mpaka helikopta, na helikopta jamani haikuwepo.

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani, na mzee wangu wa mchana yuko Eagan, mji wa jirani, anaitwa Mama Marta. Ametoka Afrika Kusini, upande ule mkavu wa magharibi, ambako (yeye ndiye aliyenieleza) mvua hunyesha wakati wa baridi tu na kiangazi kikija hakuna kinachosalia juu ya ardhi, kwa hiyo maua ya kule yamejifunza kujificha, yanakaa chini ya udongo kama vitunguu vidogo, yanalala kiangazi chote bila tone la maji, kisha baridi ikirudi na mvua yake yanaamka yote pamoja na jangwa linajaa rangi. Chungu kimoja cha maua hayo anacho kwenye kibaraza chake cha vioo. Wakati wa joto, sisi wengine tukimwagilia sukuma wiki zetu, chungu chake ni udongo mkavu tu, na ukikisogelea na maji utafokewa. Halafu ifike Februari, ziwa limeganda hadi watu wanatembea juu yake, ndani pale unakuta majani membamba kama nyasi, na katikati ya majani vikombe vya rangi ya chungwa, laini kama satini, ndani njano.

Saa sita mchana jua likiingia pale, mimi nakunja nguo zake, yeye anasimulia polepole kwa Kiingereza chake cha kuvuta, na mimi naenda zangu. Naondoka kabisa. Najikuta natembea kule peku, udongo una unyevu, upepo ni baridi lakini jua liko mgongoni, maua yametandaa hadi kwenye vilima, na hakuna shifti, hakuna bili, hakuna anayeniita. (Baba Eddy, mume wangu, husema alioa nusu mtu, nusu nyingine iko mawinguni na haikulipiwa mahari.)

Sasa, Vivian akapasi mtihani wake wa unesi. Mama yake, Mama Vivian, ndiye mwenyekiti wetu wa akina mama, mtu ambaye akikohoa grupu zima linaandika pole, akatangaza ibada ya shukrani na chakula kwenye ukumbi wa kanisa. Wakaanza kulalamika kwenye grupu kwamba maua wakati huu wa baridi ni ghali na yananyauka kabla ya sala ya kufungua. Nami nilikuwa nimekaa pale kibarazani, jua limenilewesha, nikapiga picha ya chungu, nikaituma, nikaandika maneno matatu tu: "Maua niachieni mimi."

Ulimi uliponza kichwa, nanyi mnajua. Vikatuni vya mioyo vikamiminika kwenye grupu, mwingine akaandika "Wueh! Hayo ni ya mbinguni," na kabla sijafika nyumbani Mama Vivian alikuwa ameshaamua kwamba kila kitu kifuate rangi hiyo: vitambaa vya meza, keki, na sare ya familia nzima, vitenge vya rangi ya chungwa, mpaka shemeji zake. Mimi hata mwenye chungu sijamwuliza.

Nilipomwuliza, Mama Marta alikivuta chungu karibu naye. Akaniambia vitunguu vile vilichimbwa na mama yake mzazi, nyuma ya nyumba waliyokuja kuondolewa kwa nguvu, na kwamba nyumba haipo, mama hayupo, na yeye hatarudi tena kule, amebaki na hicho chungu. "Chukua, mwanangu," akasema, "lakini baridi ya hapa isiyaguse, yatakufa. Na jambo lingine..." Hilo jambo lingine sikulisikia. Nilishaanza kuiona nyumba ile, na mama yule ameinama na kijiti chake, nikaitikia tu "Sawa, Mama, sawa," kama mtu anayesikiliza.

Jumamosi ikaamka na mawingu mazito kama blanketi la jeshi. Nikapasha gari moto, nikakifunika chungu na shuka, nikakifunga mkanda kiti cha mbele (Baba Eddy akakaa nyuma), nikakizungushia karatasi ya kumetameta ili kipendeze. Ukumbi uko chini ya kanisa, hauna dirisha hata moja. Nikakiweka meza kuu, watu wakakusanyika na simu zao tayari, nikavuta shuka kwa madaha.

Nyasi. Ndugu zangu, zilikuwa nyasi tu, na vijiti vya kijani vilivyojifunga kama miavuli.

"Mama Eddy," Mama Vivian akasema kwa sauti ya chini, na mkimjua, hiyo ya chini ndiyo mbaya, "nimewavalisha watu wangu rangi ya chungwa, wewe unaniletea chakula cha ng'ombe?"

Nikakimbilia jikoni na chungu changu, nikampigia Mama Marta. "Si nilikwambia?" akasema. "Hayafunguki bila jua. Yanataka mwanga na joto." Kumbe hilo ndilo lile jambo lingine! Nikaona basi, mwanga na joto ni vitu vya kushinda mtu mzima? Nikaazima taa ya mezani na hita kutoka ofisi ya mchungaji, nikavielekeza kwenye chungu, nikakaa hapo kusubiri. Ukumbini Vivian alikuwa ameanza kumshukuru mama yake, namsikia kwa mbali, "Mum, ulifanya double shift ili mimi nisome..." Na mbele yangu kikombe kimoja kikalegea. Kikafunguka kidogo, rangi ikachungulia. Joto la hita likanipanda miguuni, nami nikawa kule tena, kwenye vilima, natembea, maua yananigeukia, na harufu ya, harufu ya nini hii?

Ilikuwa karatasi ya kumetameta. Inafuka moshi, na majani yameshaanza kuungua nayo.

Kengele ya moto ililia hadi nikasikia meno yanauma. Nikaikwanyua ile karatasi, nikaitupa kwenye sinki, lakini kengele haijui msamaha, na amri ni moja, wote nje. Vivian hakumaliza shukrani zake. Tukasimama pakingi, familia nzima na vitenge vyao vya chungwa bila makoti, mvuke unawatoka vinywani, wengine bado wanatafuna, na kwa dakika moja, Mungu anisamehe, niliwatazama wametapakaa juu ya ile theluji nyeupe nikaona wamependeza sana.

Ndipo nikakumbuka chungu, kiko mikononi mwangu, upepo unakipiga. Nikavua mtandio nikakifunga, nikakitia ndani ya koti, nikajikunja juu yake, udongo ukaniingia kifuani. Zimamoto wakafika, mmoja akaniuliza nina nini ndani ya koti, nikajibu "Mtoto wa watu," na jibu hilo nawashauri msilitoe kamwe, kwa sababu walitaka kumwona huyo mtoto, na umati mzima ukashuhudia nikitoa nyasi zilizoungua.

Nililia. Mama Vivian akanijia, nikajua leo ndiyo leo, lakini alitazama yale majani meusi akauliza, "Ni ya nani?" Nikamweleza yote. Akavuta pumzi. "Chombo cha watu hakirudi kitupu," akasema, "na hakirudishwi na mtu mmoja aliyekiharibu. Ingia kwenye gari." Akapakia pilau, chapati na keki, akampakia na Vivian.

Mama Marta alitufungulia mwenyewe. Sikuweza kumtazama. Nikapiga magoti na chungu changu, nikasema nimekichoma, nimekitoa nje kwenye baridi, sikukusikiliza. Akaingiza kidole kwenye udongo, polepole, akatoa kitunguu kimoja kidogo, akakiminya.

"Kigumu," akasema. "Kilichoungua ni cha juu. Mwakani yatarudi."

Nikashusha pumzi, nikamwambia, "Basi kumbe huna hasira, Mama?"

"Ninayo," akasema. Na hapo ndipo nilipoona kwamba alikuwa amevaa gauni lake la buluu, lenye kola, ambalo sijawahi kulikunja, na viatu, na pochi iko kitini karibu na mlango. "Uliomba maua yaje kwenye sherehe. Ukayafunga na mkanda kwenye gari. Mimi nikakaa hapa tangu asubuhi, nikidhani pengine utakumbuka kuna mtu."

Mama Vivian, ambaye hajawahi kukosa neno, alitazama viatu vyake mwenyewe. Kisha Vivian akavua koti, akaenda jikoni kutafuta sahani, na tukala pale kibarazani sote wanne, na Vivian akasimama akamalizia shukrani zake kwa mama yake, kwa Kiingereza ili Mama Marta asikie, Mama Vivian akalia mpaka wanja ukamshuka.

Tangu siku hiyo sijaahidi maua wala majani kwenye grupu lolote, na nikitaka kuota naota siku yangu ya mapumziko, kitandani, mbali na hita. Lakini nikiwa na mwaliko siku hizi, jambo la kwanza ninalofanya ni kupiga simu Eagan kuuliza, "Mama, una nafasi Jumamosi?" Na kila mara ananijibu ngoja aangalie, kana kwamba ana mambo mengi, nami nangoja.