Mwonjaji wa Pombe ya Mama Florentine

Siku za Zaire, hakuna mnywaji wa Kalemie aliyegusa pombe ya mahindi kabla mwenye nyumba hajaionja mbele ya macho yake. Watu waliogopa sumu. Kwa Mama Florentine, mpishi wa pombe, mwonjaji alikuwa mume wake, Papa Hippolyte, fundi wa nyavu, mtu mpole mwenye tumbo la heshima. Alionja miaka mingi bila likizo.

Pombe hiyo ilichachishwa ndani ya pipa la chuma, jekundu kwa kutu, lisilosuguliwa kamwe.

Polepole ngozi ya Papa Hippolyte ikageuka rangi ya majivu. Vidole vikamuuma, ubavu wa kuume ukavimba. Daktari akapima damu.

"Papa, ini lako limejaa chuma. Pipa linayeyuka kidogo kidogo ndani ya pombe, na wewe unalimeza. Tutakutoa damu, chuma kitoke nayo. Lakini ukiendelea kuonja, ini litakufa, na wewe utalifuata."

Habari ilifika kwa wanywaji kabla yake. Mvuvi Barnabé alileta sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio, akaibandika kwenye tumbo la Papa Hippolyte. Ikaanguka mchangani.

"Munaona? Hakuna chuma humu. Onja, Papa, tuko na kiu."

"Jaribu mugongo," akasema mwenzake.

Ikaanguka tena.

Papa Hippolyte akakitazama kikombe. Povu lilimkonyeza. Akaficha mikono nyuma.

"Sionji."

Vikombe vyote vikashuka.

"Bwana ya mupishi anakataa," akasema Barnabé. "Leo ndiyo kuna kitu ndani."

"Hakuna kitu. Kuna pipa."

"Na sisi tumekunywa hilo pipa?"

Akaondoka akipitisha sumaku juu ya tumbo lake mwenyewe, na wengine nyuma yake, kila mmoja akingoja zamu.

Mama Florentine alinuna wiki nzima, kisha akanunua mitungi ya udongo. Sasa alionja mwenyewe: kikombe kizima, halafu cha pili kwa usalama zaidi. Wanywaji wakarudi.

"Mama, hii ni nzuri," akasema Barnabé, "lakini ule utamu wa zamani haumo."

"Umo ndani ya bwana yangu. Siku ya kumutoa damu, nenda na kikombe yako."

Mlangoni, Papa Hippolyte aliacha kushona wavu, akauvuta mkono wake ndani ya shati.