Mlango wa Pili Lurambi

Tangu tuoane, kila tulipokwenda Kakamega kuwasalimia wakwe zangu, mimi na mke wangu Nekesa tulilala mbalimbali. Yeye alilala Malava, kwa mama yake. Mimi nililala gesti mjini, kwa sababu kwao Waluhya mkwe wa kiume halali katika boma la wazazi wa mkewe. Wala hatazamani ana kwa ana na mama mkwe. Nikifika kusalimia, mama hupitia nyuma ya nyumba na salamu zake huniletea shemeji yangu, Wafula. Sisi Wagogo nasi tuna heshima zetu, lakini hii ilinichosha.

Kwa hiyo tuliposikia kuna nyumba kuukuu inauzwa Lurambi, kando ya mji wa Kakamega, hatukusita. Tuliinunua iwe nyumba yetu ya likizo. Nekesa alikuwa na nia yake.

"Mama atakuja kukaa nasi," aliniambia. "Miguu inamsumbua. Nataka nimtunze kwa mikono yangu, japo wiki chache kila mwaka."

Nilimuuliza kama mama atakubali kuishi na mkwe. Akasema mjini mambo yamelegea, na tena mama ni mtu wa kanisa. Nikaamini.

Tuliondoka Dodoma alfajiri, mwanzoni mwa likizo yangu, tukalala Mwanza. Kesho yake tulifika mpakani Sirari jua likiwa limepanda. Ofisa wa upande wa Kenya aliuliza ninakokwenda.

"Kakamega. Kukarabati nyumba."

"Siku hizi mnakuja kujenga kwetu?"

"Nimeoa kwenu."

Alicheka, akagonga muhuri. "Basi pita, shemeji."

Kuanzia Kisumu barabara inapanda milima yenye mawe makubwa, mengine yamekaa juu ya mengine. Baada ya Chavakali hewa ilipoa. Mtu wa Dodoma hawezi kuzoea ule ukijani. Hata kingo za barabara zinaota majani.

Lurambi tulimkuta Wafula akitungoja getini. Nyumba ilikuwa na mabati yaliyoshika kutu, kuta zilizovimba kwa unyevu, na mlango mmoja tu wa mbele, unaoingilia sebuleni. Nyuma kulikuwa na chumba chenye dirisha pana linalotazama mawio na miparachichi ya jirani. Nilisimama pale, nikajua nikistaafu nitaweka kiti wapi. Nikamwambia Nekesa chumba hicho ni changu. Akatabasamu, hakubisha.

Siku zilizofuata zilikuwa za vumbi na kelele. Mafundi waliezua mabati, wakabandua plasta iliyooza. Asubuhi tulifanya kazi juani. Alasiri mvua ikaja na radi, kila mtu akakimbilia chini ya turubai. Nilijifunza kuchanganya mchanga na simiti, na mikono yangu ya mwalimu ikatoka malengelenge. Jioni Nekesa alisonga ugali, ambao kule huuita busuma, tukala na mboga ya mrenda. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo kwa muda mrefu.

Jumamosi, mabati mapya yakiwa juu, Wafula alimleta mama kuiona nyumba. Alikuja na fimbo ya kutembelea na kuku kwenye kikapu. Mimi nilijitenga upande wa jikoni kama adabu inavyotaka, nikamsikia Nekesa akimkaribisha.

"Ingia, mama. Hii ni nyumba yako."

"Ni nyumba ya mkwe wangu," mama alijibu. "Nitaitazama nikiwa hapa nje. Ni nzuri."

Akaomba kigoda, akakaa chini ya ukingo wa paa. Nekesa alimbembeleza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiluhya. Mama alisifu mabati, akasifu madirisha, lakini hakusogea.

Mawingu yakakusanyika. Mvua ilipoanza, upepo uliipeleka moja kwa moja kwenye ukuta aliokaa. Nilimsikia Nekesa akilia kwa sauti, "Mama, unalowa!" Nilitamani nitoke nimbebe ajuza yule nimwingize ndani. Wafula, aliyekuwa nami jikoni, akanishika mkono.

"Shem, wacha. Hapa mama mkwe haingiangi kwa sebule yako. Ukimlazimisha hatarudi tena."

Mama aliondoka pale kwa fimbo yake, akavuka uwanja katika mvua, akaingia kibanda cha mifuko ya simiti. Ndimo Nekesa alimopeleka chai na shuka kavu. Mvua ilipokatika, Wafula alimrudisha Malava.

Jioni ile nilisema maneno makali juu ya mila. Nekesa alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Unadhani anakudharau?" aliuliza. "Wengine wanawasema wakwe zao sokoni. Kwa miaka yote hii mama hajatamka neno baya juu yako. Hiyo ndiyo heshima unayoitukana."

Nilikwenda kwenye chumba cha nyuma. Nilitazama lile dirisha, ukuta chini yake, na mlango unaokiunganisha chumba na sebule. Nilikuwa nimekipenda chumba kile kupita nyumba yote. Kisha nikamwita Nekesa.

"Dirisha hili likibomolewa hadi chini, linakuwa mlango," nikasema. "Na ule wa ndani tukiuziba kwa matofali, hataingia kwangu, nami sitaingia kwake."

Aliniangalia. "Na kiti chako?"

"Kitakaa baraza la mbele."

Jumatatu mafundi walianza kubomoa. Walimjengea mama baraza lake, jiko dogo na choo upande huohuo. Wafula alikwenda Malava kumwuliza kama hilo litafaa. Alirudi akicheka. "Amesema, kwa nini mmechelewa hivyo?"

Mama alihamia kabla rangi haijakauka. Asubuhi yake ya kwanza nilikuwa sebuleni nikinywa chai, nikasikia sauti ya mama upande wa pili wa ukuta.

"Baba Neema! Mulembe!"

Nilishtuka nusura nimwage chai. Hakuwahi kunisemesha, sembuse kuniita kwa jina la binti yetu. Nikaitikia salamu yao ya amani: "Mulembe, mama."

"Chai iko na sukari? Huyo Nekesa tangu utoto anasahaunga sukari. Wewe umemvumiliaje?"

Nilicheka mpaka nikaweka kikombe chini. Naye nikamsikia akicheka, na Nekesa, aliyekuwa kwake akimkanda miguu, akilalamika kwamba tunamsengenya. Tangu siku hiyo tulizungumza kila asubuhi: habari za miwa, za wajukuu, za mvua ya Dodoma isiyonyesha. Uso wake bado siujui vizuri.

Likizo yangu ilipokwisha nilirudi peke yangu. Nekesa alibaki Lurambi na mama yake hadi wapendapo. Kutoka Kisumu hadi Sirari nilikuwa nikiufikiria ule ukuta. Nilikwenda nikiamini kuwa heshima ile ilimweka mama mbali nami. Kumbe ndiyo njia aliyokuwa nayo ya kuwa karibu, na alikuwa akiitunza peke yake huku mimi nikinung'unika gesti.

Hapa Dodoma nimewaonyesha wenzangu picha za nyumba. Mmoja amecheka kuona chumba cha nyuma hakina mlango wa kuingilia sebuleni, akasema mafundi wa Kakamega wamekosea.

Nimemwambia hawakukosea. Humo anakaa mama mkwe wangu, na nikiwa kule kila asubuhi tunaamkiana kupitia ukuta.