Chungu Kikubwa cha Mama

Moshi wa kuchomea vyungu una harufu yake, na nikiusikia hata leo hukasirika kabla sijakumbuka kwa nini. Nilikulia ufukweni kaskazini mwa Ziwa Nyasa, enzi za Wajerumani. Mama, mfinyanzi na mjane, alifinyanga vyungu vya namna mbili tu, vikubwa na vidogo. Mdogo wake, mama mdogo Sekela, alivipakia mtumbwini akavipeleka kwa wakulima wa Ngana. Bei yake ilikuwa desturi: chungu hubadilishwa kwa maharage yanayokijaza. Mwaka ule mvua zilizidi, vyungu vikakataa kukauka, kila safari vikaenda vichache, nasi tukawa tunakula mara moja kwa siku. Mama mdogo alirudi na maharage yote yamechanganywa katika gunia moja. Tukamwambia “Ndaga fijo,” asante sana, wala hatukupima. Mzigo wa ndugu haupimwi, ndivyo tulivyolelewa.

Mimi nikapima, gunia zima kwa kikapu chetu. Shuleni misheni, mwalimu wetu, kijana wa kwetu mwenye mizaha mingi, alikuwa akitufundisha kutafuta vitu viwili visivyojulikana kwa kukiweka kimoja mahali pa kingine. Nikaona nijaribu kwa vyungu vyetu, nimfurahishe mama. Safari ya kwanza, kikubwa kimoja na vidogo viwili vilileta vikapu vitano. Safari ya pili, vikubwa viwili na vidogo vitatu vilileta vikapu tisa. Basi kikubwa ni vikapu vitano ukiondoa vidogo viwili. Nikaliweka neno hilo mahali pa vikubwa vya safari ya pili: vikapu kumi ukiondoa vidogo vinne, kisha urudishe vile vidogo vitatu. Ikabaki kumi ukiondoa kidogo kimoja, nayo ni tisa. Kumbe kidogo ni kikapu kimoja, na kikubwa ni vitatu! Nilicheka peke yangu kama mwehu. Kisha, kwa kujionyesha tu, nikachukua vyungu vipya na kikapu kilekile nikavijaza mchanga. Kidogo kiliingia kimoja sawasawa. Kikubwa kikameza vinne. Nikamwaga, nikapima tena, bado vinne. Vidogo kila jicho linavijua, mama mdogo hakuthubutu kuvigusa. Lakini kila kikubwa kilipoteza kikapu kimoja njiani, na sisi tunalala na njaa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilimweleza mama nikitarajia sifa. Akamwita mdogo wake, akaniamuru nirudie yote mbele yake. Mama mdogo alilia kwa sauti mpaka majirani wakachungulia. “Dada, hiyo shule imemfundisha mwanao kuniita mwizi!” Mama hakunitazama. “Piga magoti, umwombe radhi mama yako mdogo,” alisema. “Na shule basi.” Nilipiga magoti juu ya mchanga wangu mwenyewe, nikaomba radhi kwa hesabu iliyokuwa sahihi. Mwalimu alikuja kunitetea. Mama akampa chungu kidogo cha zawadi na kumtakia safari njema. Kesho yake nilikuwa nikikanda udongo.

Miaka mingi nilimchukia mama mdogo. Ni mama mwenyewe, alipokuwa mzee wa kulishwa, aliyeniambia nilikuwa nikimchukia mtu siye. “Mikono hii ndiyo iliyovifinyanga,” alisema. “Ulidhani sijui kikubwa kinaingia ngapi? Nani mwingine angenibebea?” Mkono usioweza kuukata, ubusu, nami ndiye niliyebusishwa. Nilimzika nikiwa na uchungu huo, na sijaumaliza.

Siku hizi maharage huchemka kwenye sufuria, na wasichana wanakwenda shule bila kuulizwa. Mjukuu wangu huniletea milinganyo yake, nami humwekea vyungu mahali pa herufi mpaka aelewe. Juzi aliniuliza, “Bibi, kama ulikuwa unajua hivi, mbona uliacha shule?”

Nikamwambia, “Nilipata jibu.”