Nilikuwa Nalala Bila Kupumzika

Mwaka ule nililala kuliko mtu yeyote wa mtaa wetu hapa Uvira, na hakuna aliyenishinda kwa kuchoka. Saa mbili ya usiku tayari niko kitandani. Saa kumi na moja alfajiri naamka na mwili mzito, kichwa kinagonga, kama mtu aliyeshinda akipakua mifuko ya unga bandarini. Nilikuwa nafundisha darasa la pili. Siku moja nilisinzia nimesimama, chaki mkononi. Watoto wakaita kwa pamoja, "Mwalimu!" Nilipofumbua macho nikaona mstari mrefu umeshuka ubaoni, kutoka kwenye neno nililoanza kuandika mpaka chini kabisa.

Jirani yangu alikuwa na jibu lake. "Kuna watu wanakulimisha usiku," aliniambia. "Mwili iko kitandani, lakini weye uko kwenye mashamba yao." Nilicheka. Lakini kesho yake asubuhi nilijikuta natazama nyayo zangu, kama zina udongo.

Kahawa nzito haikusaidia. Kulala mapema zaidi kuliniongezea uchovu tu.

Ndipo mdogo wangu akashuka kutoka Mulenge, kwetu milimani, kuja kunitembelea kwa juma moja. Nyumba yangu ina kitanda kimoja, tukalala wote wawili. Asubuhi ya kwanza nilimkuta ameketi pembeni ya kitanda, macho mekundu, ananitazama.

"Yaya, minye sijalala," akasema; yaya ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa. "Nilikuwa nakuchunga."

"Kunichunga kwa nini?"

"Unakoroma kama lori inapanda mlima. Halafu kimya! Natega sikio, hakuna pumzi. Nasema, yaya amekufa. Mara unashtuka, unavuta hewa kama mtu ametoka chini ya maji, unaanza tena kukoroma. Nilihesabu mara ishirini, nikaacha."

Labda mwingine angeogopa. Mimi niliruka kutoka kitandani nikamkumbatia. Kumbe kulikuwa na sababu! Sikuwa mvivu, na hakuna shamba la mtu nililokuwa nalima.

Asubuhi hiyohiyo tulipanda pikipiki moja, sote nyuma ya dereva, mpaka kituo cha afya. Muuguzi alimsikiliza mdogo wangu mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Mama, unalala namna gani?"

"Chali."

Akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba mtu akilala chali ulimi unaweza kurudi nyuma na koo likajibana. Hewa ikikatika, ubongo unamwamsha ili avute pumzi, mara nyingi sana, na asubuhi hakumbuki hata moja. "Unafikiri umelala masaa tisa," akasema, "kumbe ulikuwa unaamka usiku kucha." Aliniambia nilale ubavu, halafu nimwone daktari.

Lakini usingizi hautii amri. Nilikuwa naanza kwa ubavu, naishia chali. Mdogo wangu akachukua blauzi yangu ya zamani, akashona mfuko mgongoni, akatia humo gunzi gumu la mahindi. Kila nilipogeuka chali, gunzi lilinichoma. Usiku wa kwanza na wa pili niligombana nalo.

Asubuhi ya tatu nilifumbua macho, nikangojea ule uzito. Haukuja. Nilisogeza mikono, nikasogeza miguu. Vyote vilikuwa vyangu! Nikapiga kelele. Mdogo wangu alikuja mbio kutoka uani, mwiko mkononi.

"Nini? Nyoka?"

"Niko macho! Mdogo wangu, niko macho kabisa!"

Tulicheza palepale, mimi na gunzi langu mgongoni. Siku hiyo nilienda shuleni kwa miguu, nikaimba na watoto mpaka mwalimu wa darasa la jirani akachungulia mlangoni kuuliza kama kuna sherehe.

Baadaye daktari alinipima, akakuta presha iko juu kidogo. Alinipa dawa na kuniambia nipunguze uzito. Nilikubali yote.

Lakini jioni ya siku ile ya tatu tuliketi ziwani, tukala ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, za kukaanga. Nilikuwa na mambo mengi ya kusema: bustani nitakayolima, madaftari nitakayosahihisha, safari ya kwenda Mulenge kumsalimu mama. Niliongea na kuongea. Nilipogeuka, mdogo wangu alikuwa amelala begani kwangu, mdomo wazi, anapumua vizuri. Kila usiku tangu aje alikuwa ananichunga. Nikamwekea kitenge mabegani, nikaendelea kumsimulia kwa sauti ya chini.