Koku na Jeli Iliyonasa Wekundu wa Damu

Nashindwa kukubali. Jana tumemzika Koku, na MC akasoma kwamba marehemu "aliwahi kufanya kazi maabara." Aliwahi! Nilipoomba kipaza sauti nikaambiwa nifupishe. Basi nitasemea hapa.

Kokushubira, Mhaya wa Bukoba, mkemia. Miaka ya tisini tulifanya kazi maabara moja ya serikali hapa Mwanza, karibu na ziwa.

Kichwani alikuwa na jambo moja tu, kusafisha protini kwa jeli. Kila siku ananiambia, "Maige, kwa nini protini za vipimo tuagize Ulaya, na ng'ombe wamejaa Usukumani?"

Akaanza na himoglobini, ile inayoipa damu wekundu. Aligandisha jeli ikiwa na himoglobini ndani, kisha akaiosha mpaka yote itoke. Kwenye jeli zikabaki nafasi zenye umbo lake. Ukipitisha mchanganyiko wa protini, himoglobini inanasa humo, nyingine zinapita.

Kusema ni rahisi. Umeme unakatika, friji inapata joto, damu ya machinjioni inaoza, tunaanza upya. Harufu ile, jamani! Mlinzi alikuwa anakulia chakula nje ya geti.

Mchana mmoja akapiga yowe, nikadhani ameungua. Nikakimbia. Jeli ilikuwa nyekundu, na kilichochuruzika chini hakikuwa na wekundu. Jeli ya kulinganishia, iliyogandishwa bila himoglobini, ilikuwa imeachia wekundu wote. Koku alicheza na glavu mikononi!

Ndipo ukaja ubinafsishaji. Jengo likauzwa. Mnunuzi, mzee mpole tu, alitaka chumba chetu kiwe stoo ya maboksi ya minofu ya sangara.

"Shikamoo mzee. Nipe mwezi mmoja nirudie majaribio."

"Marahaba, mama. Wateja wangu hawasubiri."

Vibarua wakamwaga jeli zote mtaroni, Koku akiangalia. "Twende, Maige, kabla sijamtukana mtu."

Akaishia kufundisha kemia sekondari ya Mkolani. Tulizunguka ofisi kuomba maabara nyingine hadi viatu vikaisha. Kila mahali: wazo zuri, subirini. Akasubiri mpaka akastaafu.

Huko nje wengine waliendelea na jeli kama zile. Akisoma habari zao kwenye simu ananitumia: "Umeona hawa?" Basi, hakuna neno lingine.

Wiki iliyopita, hospitalini, nilimwambia walimdhulumu. Akanikatiza: "Lakini ilinasa, Maige."

Ilinasa, dada yangu. Niliona kwa macho yangu. Pumzika vema, Koku. Hasira niachie mimi.