Kisu Changu cha Kukatia Plastiki

Kila nikikata kipande cha ndege ya plastiki ninayoiunda, harufu yake hunirudisha Kanduyi, nyumbani kwetu.

Nilikuwa msichana wa kuunda malori kwa mitungi ya plastiki ya mafuta ya kupikia, mpaka siku wembe niliokuwa nikikatia ulipoteleza ukanipasua kidole. Nilidhani mama atayachoma malori yangu. Badala yake alinipeleka Kitale, kwenye duka la vifaa.

“Ati kisu cha mtoto?” muuzaji akashangaa.

“Si umwonyeshe tu, achague,” mama akajibu.

Nilijaribu visu kadhaa kwenye kipande cha mtungi nilichokuja nacho hadi nikapata chembamba, chenye mpini usioteleza.

“Ni hiki, mama.”

Jioni hiyo alinishikia mtungi usisogee, nami nikakata mlango wa lori. Uso aliugeuzia ukutani kwa woga, lakini mikono yake haikuachilia.